Viazi vya makunyanzi vya Visiwa vya Canary: chumvi robo kilo kwa kilo moja ya viazi, ni kweli au nimeingizwa mjini?

#1 MlaMihogo
Wakuu, kwema? Naomba wajuzi wa jikoni wanisaidie. Wiki iliyopita nimekutana mtandaoni na chakula cha Visiwa vya Canary, vile vya Hispania vilivyo kwenye Atlantiki karibu na Moroko. Kinaitwa papas arrugadas, maana yake viazi vilivyokunjamana. Ni viazi vidogo vinavyochemshwa na maganda yake mpaka vinakuwa na makunyanzi kama mikono ya bibi yangu, na juu vinabaki na vumbi jeupe la chumvi. Vinachovywa kwenye sosi mbili, nyekundu na ya kijani. Zote wanaziita mojo.

Kilichonitoa jasho ni vipimo. Kilo 1 ya viazi, chumvi gramu 250. Robo kilo! Nikasema huyu kakosea kuandika. Nikatia vijiko viwili kama mtu mwenye akili zake. Nikachemsha, nikamwaga maji, nikafunua: viazi vya kuchemsha vya kawaida kabisa. Ganda nyororo, vitatu vimepasuka, kunyanzi hata la dawa hakuna. Mke wangu akaniuliza mgonjwa amelazwa wodi gani.

Kuna aliyewahi kuvipika vikakunjamana? Na chumvi ni kiasi gani hasa?

#2 KobeMzee
Papa mwenye makunyanzi? Nimefungua uzi mbio nikijua kuna samaki humu, sahani nimeshaosha.

#3 BintiMkunazini
Hata mimi! Huku Unguja papa tunamjua mmoja tu, naye anapikwa kwa nazi. Hizo unazosema ni mbatata. Andika mbatata watu wakuelewe.

#4 Mzee wa Maabara
Mleta mada hujaingizwa mjini. Kisayansi ni rahisi. Maji hutoka penye chumvi kidogo kwenda penye chumvi nyingi. Ukiweka kiazi kwenye maji ya chumvi kali, maji yaliyo ndani ya kiazi yananyonywa nje, kiazi kinasinyaa, ganda linabaki kubwa kuliko nyama yake. Ni kama mtu aliyekonda akabaki na suti ya zamani. Vijiko vyako viwili havikutosha kunyonya chochote. Rudia na gramu 250, bila woga.

#5 Baharia wa Tanga
Salaam. Nimekaa Las Palmas karibu miezi miwili meli yetu ikitengenezwa, na hivyo viazi nimevila mpaka nikavizoea kama ugali. Mleta mada, tatizo lako siyo chumvi peke yake. Umesema ulimwaga maji ukafunua. Basi hukumaliza kupika!

Mama aliyekuwa akitupikia alifanya hivi: viazi vinaoshwa tu, havimenywi wala havitobolewi. Maji yanavifunika kwa shida. Chumvi ya mawe anachota kwa konzi, hapimi. Vikiiva anamwaga maji yote, anarudisha sufuria kwenye moto mdogo na kuitikisa, anatulia, anaitikisa tena. Hapo ndipo unaona ganda linajikunja mbele ya macho yako na chumvi inaganda kama umande. Halafu anafunika na kitambaa dakika chache. Watu wanakula na ganda lake, kwa mkono, wanachovya.

Wenyewe wanasimulia kwamba asili yake ni maji ya bahari. Visiwa kama Lanzarote na Fuerteventura ni vikavu, hakuna mito, maji baridi yalikuwa ya kuhesabu. Kwa hiyo ya kunywa yakabaki ya kunywa, ya kuchemshia viazi yakatoka baharini.

Jambo jingine: mojo inatamkwa "moho". Siku ya kwanza nilisema mojo kama ilivyoandikwa, meza nzima ikacheka. Na hilo moho, kwa sauti ileile, kwao pia ni ukungu wa mkate ulioharibika. Kwa hiyo ukiisikia usikimbie.

#6 Mama Wawili
Nyie watu wa gramu 250 mna figo za akiba? Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Mimi nina presha, nikisoma tu uzi huu kichwa kinagonga.

#7 Mzee wa Maabara
Mama Wawili, chumvi hiyo hailiwi yote, nyingi inamwagwa na maji. Inayobaki iko juu ya ganda. Lakini kwa mwenye presha sikushauri. Menya ganda kwanza.

#8 Mama Wawili
Yaani chakula chote utamu uko kwenye ganda na mimi nimenye. Haya.

#9 HesabuKali
Subirini kwanza. Mzee wa Maabara na Baharia hamuwezi kuwa sahihi wote wawili. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita. Kilo ya viazi kwenye sufuria ya kawaida inataka maji lita moja hivi. Kwa hiyo bibi wa zamani wa Lanzarote alikuwa anatumia gramu 35, na mapishi ya leo yanasema 250. Ili upate 250 kutoka baharini unahitaji lita 7 zikauke hapohapo kwenye sufuria. Kuni za nani?

Ama maji ya bahari ni hadithi ya kuwapendeza watalii, ama chumvi nyingi haihitajiki. Chagueni.

#10 Baharia wa Tanga
HesabuKali, bahari haisomi hesabu zako. Hao bibi hawakuwa wanamwaga maji, waliyaacha yakauke na viazi ndani. Chumvi yote inabaki.

#11 HesabuKali
Ikibaki yote ni gramu 35 kwa kilo ya viazi. Bado ni sehemu moja ya saba ya ile 250. Na kwenye #5 ulisema mama alimwaga maji yote. Sasa anamwaga au hamwagi?

#12 Baharia wa Tanga
Mama wa Las Palmas alimwaga. Bibi wa zamani sikumkuta, nimesimuliwa. Wewe ulimkuta?

#13 Kijana wa Nyandarua
Mnasumbuana bure, mimi nimezaliwa kwenye waru. Chumvi si hoja, hoja ni kiazi chenyewe. Shangi, aina ya viazi vya huku Kenya, haiwezi kukunjamana hivyo, ikiiva inapasuka na kuwa uji. Hii unataka kiazi kidogo, kigumu, kilichokaa wiki kadhaa baada ya kuvunwa hadi kikapunguza maji. Kiazi kikikaa ghalani hujikunja chenyewe bila chumvi hata punje. Cucu wangu ana gunia zima la papas arrugadas na hajawahi kuona Hispania.

#14 KobeMzee
Huyo wa #13 kafunga mjadala 😂

#15 Kijana wa Njombe
Nakazia alichosema jirani. Ila kiazi kilichojikunja ghalani kinaanza kuchipua na ladha yake inageuka. Na kikiwa na ukijani usile kabisa, hiyo ni sumu ya solanini, kuchemsha hakuitoi. Hawa wa Canary wanatumia viazi vidogo vibichi, vipya. Kwa hiyo makunyanzi ya ghalani na makunyanzi ya sufuria ni mambo mawili.

#16 Anayejua_Kiasi
Wakuu, mimi nilienda Mallorca na mume wangu mwaka juzi, tukazunguka migahawa wiki nzima, hivyo viazi sikuviona. Labda ni chakula cha mtandaoni tu.

#17 Baharia wa Tanga
Dada, Mallorca iko Mediterania, ni kundi la Baleari. Canary ziko Atlantiki huku kwetu upande wa Afrika. Fuerteventura hadi pwani ya Afrika ni kama kilomita 100. Ni sawa na mtu kwenda Kigoma akalalamika hakuona urojo.

#18 Anayejua_Kiasi
Jina langu linajieleza 🙈 Asante.

#19 Mpenda Historia
Niingie na mimi. Kuna mtu mahali fulani (siyo humu) aliniambia hiki ni chakula cha Waguanche, wenyeji wa asili wa Tenerife kabla ya Wahispania. Haiwezekani. Uvamizi wa visiwa ulimalizika 1496, na kiazi kimetoka milima ya Andes, kikavuka bahari baadaye. Cha Waguanche ni gofio, unga wa nafaka iliyokaangwa, ambao bado unaliwa kule hadi leo.

Ila kwa viazi Canary wana heshima yao. Kumbukumbu za zamani kabisa za viazi kuwa bidhaa upande huu wa Atlantiki zinatoka kwao: mwaka 1567 mapipa ya viazi yalipakiwa Gran Canaria kwenda Antwerp. Mwaka 1574 mzigo mwingine ukatoka Tenerife kwenda Rouen, Ufaransa. Hapo nchi nyingi za Ulaya hazijajua hata kiazi kina rangi gani.

Na ndege wa canary ameitwa kwa jina la visiwa, siyo visiwa kwa jina la ndege. Visiwa vimetokana na Kilatini, neno la mbwa.

#20 BintiMkunazini
Mpenda Historia, tusaidie na hili jina. Kwa nini wao ni papa, Hispania bara ni patata, na sisi ni mbatata?

#21 Mpenda Historia
Hapo umenikuna panapowasha. Papa ni Kikechua, lugha ya Andes. Wacanary na Walatini wa Marekani ya Kusini wamelishika hivyohivyo. Batata ni neno la Karibea, na maana yake ni kiazi kitamu. Hispania bara wakachanganya papa na batata wakapata patata. Wareno wakachukua batata wakakibandika kiazi cha mviringo, na kwetu pwani mbatata inaelekea ilishuka na Wareno. Kwa hiyo Binti, unapoagiza chipsi za mbatata, jina ni la kiazi kitamu na mwili ni wa kiazi ulaya. Ukienda Gran Canaria ukaomba batata utaletewa kiazi kitamu, tena wanakipika na samaki wa chumvi Ijumaa Kuu.

#22 BintiMkunazini
Kumbe kosa si letu, ni la Wareno. Nashukuru.

#23 Padri_Mstaafu_wa_Jikoni
Kuongezea #21: papa kwa Kihispania pia ni Baba Mtakatifu. Kwa hiyo kuna samaki wetu, kiazi chao, na Papa wa Roma. Menyu moja, maana tatu.

#24 Baharia wa Tanga
Na nikuchanganyeni zaidi. KobeMzee ulikuja kutafuta papa? Wapo! Kuna kitu kinaitwa tollos, ni vipande vyembamba vya papa aliyekaushwa. Vinalowekwa, vinapikwa kwenye mchuzi wa mojo, vinaliwa na viazi. Nilipovionja nilidhani niko Unguja sokoni. Harufu ni ileile, unajua nyumba gani inapika ukiwa mtaa wa tatu.

#25 KobeMzee
Sahani narudisha mezani.

#26 Shangazi wa Kinu
Mnapiga kelele za chumvi, mojo hamjaigusa, na bila mojo hivyo ni viazi tu. Mimi nilifanya kazi kwa familia ya Tenerife huku Ulaya, nikafundishwa na bibi yao. Hii ndiyo yangu ya nyekundu:

Kitunguu saumu punje 5, chumvi ya mawe nusu kijiko, bizari nyembamba kijiko kimoja kidogo (ikaange kavu kwanza, usiiunguze). Ponda kwenye kinu hadi iwe tope. Pilipili nyekundu kavu kubwa 2, toa mbegu, loweka maji ya moto, ponda nayo. Kijiko kidogo cha paprika. Ukitaka kali ongeza pilipili kichaa moja, usizidishe, hii siyo mashindano. Siki vijiko 3, mafuta ya zeituni nusu kikombe ukiyamimina polepole huku unasaga. Ikiwa nyepesi ponda kipande cha mkate au kiazi kimoja ndani yake.

Ya kijani: toa pilipili nyekundu na paprika, weka kotmiri fungu zima na pilipili hoho ya kijani. Basi.

Bibi alikuwa anagomba ukitumia blenda. Anasema inaifanya iwe mayonezi.

#27 Kijana wa Nyandarua
Kotmiri ni nini?

#28 BintiMkunazini
Kotmiri jamani! Majani yanayonukia.

#29 Kijana wa Njombe
Huku giligilani.

#30 Kijana wa Nyandarua
Aaa, dania. Si mngesema. Na bizari nyembamba?

#31 Mombasa_Raha
Uzile. Wengine jira. Ile ya pilau. Na msimuuzie bizari ya manjano, mojo itageuka mchuzi wa harusi.

#32 Mama Wawili
Kuna mtu kaniambia nyekundu ni ya nyama na viazi, kijani ni ya samaki. Ni kweli?

#33 Shangazi wa Kinu
Ndivyo wengi wanavyosema. Kwenye ile familia zote mbili ziliwekwa mezani na kila mtu akajipakulia, na baba mwenye nyumba alikuwa anachanganya zote mbili, mkewe anageuza uso.

#34 Mombasa_Raha
Kwangu mimi hiyo kijani ni chatne ya kotmiri iliyokosa ndimu na nazi. Na nyekundu ni pilipili ya viazi karai iliyosafiri. Hakuna jipya chini ya jua.

#35 Shangazi wa Kinu
Usiseme kabla hujaonja. Mafuta na siki vinaibadilisha kabisa, haina ule uchachu wa ukwaju unaokuvuta shavu. Wenyewe wanasema hata jina mojo limetoka kwa Wareno, molho, yaani mchuzi.

#36 Mpenda Historia
Wareno tena! Walikuwa kila mahali penye chakula.

#37 Fundi wa Mvuke
Turudi kwenye mada, maana #4 imeachwa ipite bila kuguswa. Mzee wa Maabara, hiyo nadharia ya maji kunyonywa inafanya kazi kwenye kiazi kibichi, chembe zake zikiwa hai. Ukishakipeleka kwenye maji yanayochemka kuta zile zinakufa mapema, kabla hata hakijaiva. Baada ya hapo chumvi inaingia na maji yanatoka kiholela. Kwa maoni yangu makunyanzi yanatokea pale mwisho, maji yakishamwagwa. Kiazi cha moto kinatoa mvuke, ndani kinapungua, ganda linashuka. Chumvi kazi yake ni ladha na lile vumbi jeupe.

#38 Mzee wa Maabara
Kama ni mvuke tu, kwa nini viazi vyangu vya kawaida nikivimwaga maji na kuvirudisha motoni havikunjamani hivyo? Vinakauka, vinaungua chini, basi. Tena maji ya chumvi kali yanachemka juu kidogo ya nyuzi 100, yakishiba kabisa yanafika karibu 108. Ganda linaiva tofauti.

#39 Fundi wa Mvuke
Uliwahi kujaribu na viazi vidogo vya saizi ya yai la bata au ulitumia vile vya chipsi?

#40 Mzee wa Maabara
Vya chipsi.

#41 Fundi wa Mvuke
Sina swali lingine mheshimiwa.

#42 Syracuse_Bongo
Niko jimbo la New York. Nawaongezea utata: huku Syracuse kuna chakula kinaitwa viazi vya chumvi, karibu kilekile. Mji huu uliishi kwa kuchemsha chumvi karne ya 19, na vibarua wa Kiayalandi walikuwa wanatumbukiza viazi vyao kwenye masufuria ya maji ya chumvi kazini, ndiyo chakula cha mchana. Hakuna mojo, wanamwagia siagi. Kwa hiyo HesabuKali, si lazima iwe hadithi ya ukosefu wa maji. Inawezekana penye chumvi nyingi ya bure watu huchemshia viazi, kwisha. Na Canary kuna mabwawa ya chumvi, Janubio kule Lanzarote ni maarufu.

#43 HesabuKali
Hii naikubali kuliko bahari. Chumvi ya mabwawani inafika gramu 250 bila kuchoma msitu.

#44 Baharia wa Tanga
Na hayo mabwawa yanajazwa maji ya wapi? Ya mvua? Ni ya bahari yaleyale! Tunasema kitu kimoja.

#45 HesabuKali
Hatusemi kitu kimoja.

#46 London_Mwenge
Huku dukani King Edward ni kiazi cha kawaida cha Waingereza. Rafiki yangu wa Tenerife aliniambia kwao kuna kiazi kinaitwa kinegwa, kumbe ni King Edward hiyohiyo ilivyosomwa kwenye masanduku ya mbegu! Na kingine autodate, kutoka "Up to Date". Biashara baina yao na Uingereza ni ya zamani, hata Canary Wharf hapa London imepata jina kwa matunda yaliyokuwa yakishushwa kutoka visiwani. Kwa hiyo wa #13 anayesema siri ni kiazi chao cha kipekee, baadhi yake ni Mwingereza aliyebadilisha kitambulisho.

#47 Baharia wa Tanga
Kweli, lakini pia wanavyo vya kale vya Andes. Kuna papa negra, ganda jeusi, ndani manjano kama kiini cha yai. Bei yake inauma, na ndicho wanachokisifia kwa makunyanzi.

#48 MlaMihogo
Wakuu, mleta mada nimerudi. Jana nimefanya majaribio matatu, viazi vidogo vya kutoka Lushoto, nusu kilo kila sufuria.

Ya kwanza: chumvi gramu 125 (yaani robo kilo kwa kilo), maji nusu lita, nikamwaga na kukausha kwa kutikisa. Ya pili: gramu 18 kwa nusu lita, bahari ya HesabuKali, nikakausha vilevile. Ya tatu: chumvi kidogo ya kawaida, nikakausha vilevile.

Ya kwanza vimekunjamana safi na vumbi jeupe. Cha ajabu kabla havijaiva vilikuwa vinaelea! Ndani havina chumvi kali hata kidogo, mwanangu wa miaka sita kala vinne. Ya pili vimekunjamana kiasi, kama mtu wa miaka arobaini. Ya tatu makunyanzi mawili matatu upande wa chini, na vimeungua.

#49 Mzee wa Maabara
Nilisema. Chumvi.

#50 Fundi wa Mvuke
Hata ya tatu imekunjamana. Nilisema. Kukausha.

#51 Baharia wa Tanga
Ya pili ni ya bahari na imekubali. Bibi wa Lanzarote apumzike salama.

#52 Kijana wa Nyandarua
Vyote ni vya Lushoto. Nani kajaribu na Shangi? Hakuna. Basi hoja yangu haijaguswa.

#53 Mama Wawili
MlaMihogo, na mkeo kasemaje?

#54 MlaMihogo
Mojo ya Shangazi kaimaliza na mkate, viazi kala vitano. Tatizo ni sufuria. Ilikuwa ya alumini, ile chumvi imeitoboa vijidoa chini kama ndui, na kumbe alinunuliwa na mama yake. Tangu jana jioni naitwa "huyu".

#55 Shangazi wa Kinu
Hilo nililisahau, samahani. Tumia ya chuma isiyoshika kutu au chungu.

#56 MlaMihogo
Asante Shangazi, taarifa imefika baada ya mazishi.

#57 Mgeni_Leo
Habari za humu. Nimesoma juujuu tu. Naomba kuuliza, huyo papa mnamtoa ngozi kabla au baada ya kumchemsha?